Wimbo wa Mpira Niliomsindikizia Godi

Msinisimamie kama mnangoja sahani za pilau. Kaeni. Aliyekosa kiti akalie ndoo. Ngoma asiikalie mtu, ngozi ikichanika mwenyewe atanilaumu mimi, na mimi lawama nilizonazo zinanitosha.

Mmeniuliza kwa nini siku hizi mkinipitia na kusema "Mzee, leo kuna kazi," nawajibu nimechoka. Nimechoka kweli, wanangu. Nimepuliza tarumbeta Kariakoo hii tangu nyumba za uani zikiwa nyingi kuliko maghorofa. Jino la mbele limetoka, na mpiga tarumbeta asiye na jino la mbele ni sawa na fundi cherehani asiye na sindano. Hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Lakini ipo nyingine. Kuna mama aliniomba kitu kimoja tu maishani mwake: nimsindikize mwanawe kwa wimbo wa mwanawe. Nikampa wimbo wa watu wengine. Nitawaeleza, ila taratibu, msinikimbize.

Kwanza nisije nikasahau yenye faida. Asubuhi ya kazi msile karanga. Mnacheka? Chembe ya karanga ikiingia ndani ya tarumbeta inajificha kule kwenye kona, halafu ukivuta pumzi kwa pupa inakurudia kooni katikati ya wimbo. Nimekohoa kwenye harusi tatu ndipo nikakoma. Mkipanda pikapu msisimame wima kama nguzo za umeme. Kunjeni magoti, na mkiona shimo mbele toeni kile kikombe cha kupulizia mdomoni hata kama wimbo umefika patamu. Jino langu lilianza kulegea pale karibu na sokoni, dereva alipomkwepa mtu wa mkokoteni wa viazi. Nilimeza mate yenye damu nikaendelea kupiga, bibi harusi ananipungia mkono, nami namchekea kwa macho tu.

Vile vitufe vitatu vikikwama, tieni mafuta ya cherehani, tone moja. Shomari, mpiga ngoma wetu, siku moja alijitia kunisaidia akaweka mafuta ya alizeti. Wiki nzima tarumbeta langu likanuka chipsi. Kila nikipuliza watu wanageuka kutafuta mwenye kibanda.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kibwana, mtu wa Lindi kama mimi, Mungu amrehemu. Alikuwa mkali huyo! Ukikosea alikuwa hakupigi, anakaa kimya tu anakutazama mpaka ujione huna nguo. Neno lake lilikuwa moja: kabla hujauliza wimbo unakwendaje, uliza ni wa nani. Mimi nilimwona mzee msumbufu. Wimbo ni wimbo bwana, mradi watu wanacheza.

Sasa ninyi mnajua hapa kwetu kuna timu mbili. Siwataji, bado naishi mtaa huu. Mashabiki wa kila upande wana nyimbo zao, na sisi wa matarumbeta ndio tuliokuwa tunawapigia kwenda uwanjani na kurudi. Leo unawapigia hawa, kesho wale, ukishavua shati lao umevua na wimbo wao. Basi kulikuwa na harusi Mchikichini, siku mbili baada ya mechi yao. Nimeamka na wimbo wa walioshinda kichwani, tunamshusha bibi harusi kwenye gari, nikajikuta naupuliza. Nyumba yenyewe ya nani? Ya baba mmoja ambaye kwa timu iliyofungwa alikuwa tayari kumwacha mke.

Lahaula! Yule baba akaja akasimama mbele ya mlango wa gari. Akasema bibi harusi hashuki. Mama mkwe analia, wapambe wanashika vichwa, chakula kinapoa. Mzee Kibwana hakunigombeza. Akavua kofia, akamwomba radhi yule baba, kisha akatuzungusha nyumba ile mara saba juani tukipiga wimbo wao. Mzunguko wa saba midomo imevimba kama tumeng'atwa na nyuki. Ndipo bibi harusi akashuka. Usiku ule niliapa sitarudia kosa lile, na kweli nilikaa miaka mingi sijalirudia, mpaka nikajiona mjuzi.

Kujiona mjuzi ndiko kulikonimaliza. Zamani kujifunza wimbo mpya kulikuwa shughuli. Mteja anakuletea kanda, unaisikiliza, unairudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe, unasikiliza tena, siku tatu unalala nayo. Mwenyewe yuko hapo hapo anakwambia huu ni wa nani, unapigwa wapi, aliutunga nani. Siku hizi unatumiwa kwenye simu, jioni unatakiwa uwe umeujua. Sisi hatukusoma nota, sisi ni watu wa sikio. Mimi nilikuwa naweka simu sikioni kama ninayeongea na mtu, kwa sababu kijiwe chetu kilikuwa njia panda, bajaji na vipaza sauti vya wauza viatu havikupi nafasi. Naweka sikioni, nafumba macho. Wimbo ukipita mara nne umeingia. Watu walikuwa wananisifia, nami nikavimba kichwa.

Mama Godi mnamjua, yule mama wa Kichaga mwenye duka la vitenge na mapazia. Mtoto wake alikuwa anaitwa Godlisten, sisi tukamwita Godi. Alijifunza tarumbeta kwenye bendi ya kanisani kwao, tena kwa nota, akawa akipita kijiweni hakosi kusimama. Siku moja, ameshakuwa kijana mkubwa anasubiri chuo, aliniambia, "Shikamoo babu. Unapiga vizuri, lakini unashika vibaya."

"Marahaba. Nashika vibaya vipi?"

"Mkono wa kushoto ndio wa kubeba. Wa kulia uache huru, kazi yake ni kubonyeza tu. Ndiyo maana vidole vyako vinachelewa."

Nilimwona hana adabu. Nilipofika nyumbani nikajaribu, vidole vikawa vyepesi. Tangu siku ile nikampenda yule kijana, ingawa sikumwambia.

Akapata nafasi ya kusoma Marekani. Huko akaingia bendi ya chuo inayopiga kwenye mpira. Alinipigia simu mara moja kunisimulia. Mpira wenyewe, anasema, wanaushika mikononi, umechongoka kama embe, na wachezaji wanavaa kofia ngumu.

"Sasa huo mpira gani, Godi? Wanaushika mikononi, refa yuko wapi?"

Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, akanieleza kwamba bendi ina watu zaidi ya mia, na kila chuo kina wimbo wake wa mpira. Wa kwao wakiupiga, uwanja mzima unasimama, wazee kwa watoto, wengine wanalia. Nikamwambia hao ni kama sisi tu huku, tofauti yao kofia.

Halafu akafa. Ajali ya gari. Alikuwa amebakiza muda mchache amalize.

Mama Godi alikuja kijiweni mwenyewe, kanga begani, hakutoa hata salamu, na yule ni mtu wa salamu.

"Baba Zuhura," akaniita kwa jina la mwanangu, "Godi anafika Ijumaa. Jumamosi asubuhi tunamuaga hapa nyumbani, halafu tunampeleka Machame kumzika."

"Pole mama. Pole sana."

"Sitaki nyimbo za harusi mlizozipunguza mwendo. Nataka aondoke na wimbo wake, ule wa mpira wa kule. Alikuwa ananiambia, mama, ungeusikia ungecheza. Mimi sijawahi kuusikia aisee, kila siku nasema nitausikia siku ya kuhitimu kwake. Nimebaki na video hii moja." Akanipa simu. "Sina kingine cha kumpa mwanangu. Nipigie huo tu."

Niliitazama mara moja. Godi amevaa koti lenye vifungo vingi na kofia yenye manyoya, wenzake wamemzunguka, anacheka, anatupungia mkono. Nyuma yake matarumbeta yanalia mpaka simu inatetemeka. Haikufika hata nusu dakika. Machozi yalitaka kunitoka, nikaitoa machoni nikaiweka sikioni. Sikuitazama tena.

Ulikuwa wimbo mzuri, nisiwadanganye. Unapanda kama ngazi, unasita kidogo, halafu unamwagika. Siku mbili tukaujua. Shomari ndiye aliyekaa na video, kwa sababu alitaka kuona ngoma za kule zinapigwaje. Akanijia.

"Mzee, mbona Godi hapulizi?"

"Amepumzika. Bendi ya watu mia hupokezana."

"Wale walio karibu naye nao hawapulizi. Wote wameshusha."

"Shomari, wewe piga ngoma."

Ndivyo nilivyomjibu, mbele ya watu. Akarudi kwenye ngoma yake. Na mimi ndiye niliyeambiwa na Godi mwenyewe kwamba mkono wa kulia kazi yake ni kubonyeza! Katika ile video alikuwa anatupungia mkono gani? Wa kulia. Ulikuwa hewani muda wote. Mtu wa kazi nyingine angeweza kupitiwa, lakini mimi, mpiga tarumbeta, nilitakiwa nione kwa jicho moja tu.

Jumamosi mtaa wao wa Mchafukoge ulifungwa kwa maturubai. Mchungaji akamaliza ibada, watu wakapita kuaga. Vijana wanane wakabeba jeneza kulipeleka kwenye gari, nasi tukaanza. Tulipiga vizuri, wanangu. Mdomo ulikuwa laini, kila sauti ilikuja ilipoitwa. Mama Godi alikuwa ameshikiliwa na dada zake huku na huku, aliposikia akasimama mwenyewe. Akawaachia. Akatembea nyuma ya mwanawe kichwa juu mpaka kwenye gari, anatikisa kichwa kama anayeambiwa jambo analolielewa.

Nikaona msichana mmoja kati ya waombolezaji ameziba mdomo kwa mkono. Nikadhani kilio. Tulipomaliza akanifuata.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, binti."

"Naitwa Upendo. Nilikuwa nasoma na Godi, nimekuja na mwili. Huu wimbo mmeutoa wapi?"

Nikamwambia ni ule wa kwenye video. Akaniomba tusogee pembeni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Babu, ule si wa kwao. Ni wa chuo kingine, wapinzani wao. Wapinzani wakipata pointi bendi yao inapiga, ya akina Godi inanyamaza. Siku ile walifungwa vibaya sana. Alinitumia na mimi hiyo video, ananiambia, ona tunavyochekwa."

Mmenielewa? Nimemtoa kijana wa watu nyumbani kwao kwa mara ya mwisho, na nimempigia shangwe ya watu waliomfunga. Mtu wa Kariakoo hahitaji kuelezwa maana yake.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe. Lile gari lilikuwa bado lipo. Walikuwa wanafunga maua na kuhesabu nani anapanda basi gani. Dakika kumi nzima. Upendo wimbo wenyewe anaujua, anaweza kuuimba, mimi na sikio langu ningeunasa hata robo yake. Mama Godi amekaa kiti cha mbele, kioo kiko wazi, hatua kama ishirini kutoka niliposimama. Nilitakiwa niende nikavue kofia kama alivyovua Mzee Kibwana. Nikaogopa. Nilisema moyoni, ana majonzi, nisimwongezee. Uongo mtupu. Niliogopa kuaibika mbele ya wale watu wote waliokuwa wanakuja kunishika mkono na kuniambia, mzee, umetuliza. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa tarumbeta ambalo halikuwa na uchafu. Gari likaondoka.

Nilimwambia Upendo asiseme kitu. Kabla hajarudi Marekani alinirekodia ule wa kweli kwa mdomo wake. Nikaujifunza taratibu, jino limelegea, kila nikipuliza linauma mpaka sikioni. Shomari nilimwomba radhi. Akanijibu, "Yamekwisha mzee," lakini mpaka leo akinionyesha kitu namwona anasita kwanza.

Mama Godi aliporudi kutoka Machame ikawa kila nikipita dukani kwake ananiita. "Baba Zuhura, Mungu akubariki. Mwanangu ameondoka na wimbo wake." Anawaambia wateja, "Huyu ndiye aliyempigia Godi." Nikaanza kupita mtaa wa nyuma. Nikipigiwa simu ya kazi, nikiliinua tu tarumbeta, ule wimbo unakuja wenyewe vidoleni. Harusi mbili nilipiga hovyo kabisa. Nikasema hapana, hii itaniua. Nikaenda, asubuhi, duka halijajaa.

Nilimkuta anakunja vitenge. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: video, mkono wa kulia, Shomari, Upendo, zile dakika kumi. Sikuruka kitu. Aliendelea kukunja mpaka nilipotaja dakika kumi, ndipo mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo mlinipigia wa wale waliowafunga."

"Ndiyo, mama."

Akaingia mteja akauliza bei ya pazia. Mama Godi akamtajia, sauti yake ya kila siku, akamtolea pazia, akampimia, akamfungia. Mteja akaondoka. Nilikuwa bado nimesimama palepale.

"Wake uko wapi?"

Nikatoa tarumbeta, nikalisokomezea kitambaa kwenye tundu la mbele lisipige kelele, nikampigia wimbo wa mwanawe. Wa kweli, wote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, nami nilidhani nimeutua mzigo.

"Mzuri," akasema. "Lakini siujui."

"Ndio wake, mama. Ndio huu."

"Nimesikia. Lakini siku ile ungeniambia, Baba Zuhura, ningeshuka kwenye lile gari. Ningesema jeneza lishushwe, watu wangoje, mchungaji angoje, Machame ingoje. Ningekaa pale barabarani mpaka muujue. Mwanangu alikuwa bado yupo." Sauti ikapanda, wasichana wa dukani wakageuka. "Leo unaniletea mimi wa nini? Mimi ndiye niliyekufa?"

Machozi yalikuwa yananitoka, mtu mzima na ndevu zangu, katikati ya mapazia ya watu. Nikaanza kulirudisha tarumbeta mfukoni mwake.

"Usilifunge," akasema. Akavuta kigoda akakaa, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge kipya ambacho hakijauzwa. "Kila asubuhi naamka na ule mwingine. Nikiosha vyombo nauimba. Nikiuimba namwona anatoka pale mlangoni, wamembeba. Sina tena wimbo mwingine naye, aisee. Nipigie ule."

"Mama Godi, ule ni wa..."

"Najua sasa ni wa nani. Umeshaniambia. Nipigie."

Nikatoa kile kitambaa, nikaweka tarumbeta mdomoni. Nilisikia jino linasogea. Nikaupiga ule wimbo wa waliomfunga Godi, toka mwanzo mpaka mwisho, na mama yake ananifuata kwa midomo, na sikukosea hata sauti moja.